Waanzilishi wa McIntosh

Leo naomba tusafiri pamoja hadi jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, katika kaunti moja ya mashambani iitwayo McIntosh. Iko pwani ya Atlantiki, pale mto Altamaha unapomwaga maji yake baharini. Makao makuu yake ni Darien, mji mdogo wa wavuvi wa kamba. Mbele ya mji kuna vinamasi vya majani marefu na vijito visivyo na idadi, kisha visiwa, na kilicho kikubwa kati yake ni Sapelo.

Katika kaunti nyingi za Kusini mwa Marekani utakuta nguzo au kibao cha kuwakumbuka walowezi wa kwanza. Majina yamechongwa, miaka imechongwa, na mgeni akishasoma anaondoka akiamini amejua pale ni pa nani. Darien nayo ina mnara wake, wa Waskoti. Sina ugomvi na mnara huo, maana wanaokumbukwa hapo walikuja kweli na walitaabika kweli. Ninachosema ni kwamba orodha ile ni fupi mno. Mwanzilishi wa mahali ni mtu aliyepafanya pakakalika: aliyekata msitu, aliyechimba mtaro, aliyezika wazee wake katika udongo ule na kubaki. Tukipima hivyo, waanzilishi wa McIntosh ni wengi kuliko wanaotajwa, na wengi wao hawakuja kwa hiari yao.

Tuanze na wenyeji. Katika kisiwa cha Sapelo lipo duara kubwa lililorundikwa kwa makombe ya chaza, na umri wake ni zaidi ya miaka 4,000. Watu waliokula chaza wale na kulirundika duara lile walikuwa na makazi, walikuwa na mikusanyiko na sherehe. Wahispania walipofika pwani hii katika karne ya 16, waliwakuta Waguale, wakulima wa mahindi na wavuvi hodari. Mapadri wakajenga misheni, mojawapo papo hapo Sapelo. Sisi tuna msemo kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Waguale hawakupona. Maradhi yaliyoletwa na wageni, kazi za kulazimishwa na mashambulizi ya watekaji viliwapunguza, hata ilipofika mwisho wa karne ya 17 waliosalia walikuwa wamehamia kusini, Florida. Nchi haikuwa tupu tangu mwanzo. Iliachwa tupu.

Sasa tuje kwa Waskoti. Koloni la Georgia lilianzishwa mwaka 1733 na Mwingereza James Oglethorpe, naye alihitaji wanaume wa vita wa kulinda mpaka wa kusini dhidi ya Wahispania wa Florida. Akatuma watu kwenda nyanda za juu za Uskoti, karibu na mji wa Inverness, kuwatafuta. Januari 1736 wakatia nanga, watu wapatao 177, wanaume, wanawake na watoto, wakiongozwa na John Mohr Mackintosh. Wakapiga kambi kwenye ukingo wa juu wa Altamaha, karibu na mahali palipokuwa na ngome ya Waingereza iliyokwisha kuachwa. Walikuwa watu wa milimani wasiolijua joto la vinamasi wala mbu wake. Walivaa nguo zao za kwao, walisali kwa Kigaeli chao, wakapasua mbao na kufuga ng'ombe. Makazi yao ndiyo yakawa Darien.

Hapa, msikilizaji, kuna jambo ambalo lingestahili mnara wake lenyewe. Georgia wakati huo ilikuwa imepiga marufuku utumwa, sheria ya mwaka 1735. Lakini walowezi wengi wa Savannah walikuwa wakilalamika: jirani zetu wa South Carolina wanatajirika kwa jasho la watumwa, mbona sisi tunazuiwa? Wakaandika barua ya kudai ruhusa. Tarehe 3 Januari 1739, wanaume 18 wa Darien wakatia saini barua ya kuwapinga. Sababu zao nyingi zilikuwa za kimaslahi, na ni haki kusema hivyo. Wahispania walikuwa jirani na waliwaahidi uhuru watumwa waliotoroka. Kumiliki watumwa kungewatia walowezi kwenye madeni. Wanaume wangelazimika kukesha wakilinda. Isitoshe, wao wenyewe walimtegemea Oglethorpe, naye alitaka marufuku iendelee. Lakini mwishoni mwa barua walivuka hesabu za faida. Walisema kwamba kumhukumu binadamu na kizazi chake chote utumwa wa milele ni jambo la kuitetemesha nafsi ya mtu, na kwamba malipo yake yatakuja siku moja, kwa damu. Katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika, mwaka 1739, sauti za namna hiyo zilikuwa za kuhesabika.

Mwaka uliofuata, Juni 1740, Waskoti wa Darien walikwenda na Oglethorpe kuuzingira mji wa St. Augustine, Florida. Wakawekwa katika ngome ndogo iliyoitwa Mose. Na ngome hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa kijiji cha watu Weusi huru, watoro wa mashamba ya Carolina ambao Wahispania waliwapa ardhi mwaka 1738. Kiongozi wao aliitwa Francisco Menéndez, mtu aliyezaliwa Afrika Magharibi, akauzwa, akatoroka, akawa kapteni. Usiku mmoja, kabla hakujapambazuka, askari wa Kihispania pamoja na wapiganaji hao Weusi waliirudia ngome yao. Waskoti wengi waliuawa humo, na Mackintosh mwenyewe alichukuliwa mateka hadi Hispania. Darien ikabaki na wajane. Watu waliokataa utumwa kwa kalamu walikufa mikononi mwa watu waliopigania uhuru wao kwa silaha. Wangalikutana kwa namna nyingine, huenda wangaliafikiana.

Marufuku ya utumwa ikaondolewa Januari 1751. Na hapo ndipo ninaposikitika zaidi, kwa sababu watoto wa waliotia saini hawakungoja sana. Lachlan McIntosh, mwana wa John Mohr, aliyefika Georgia akiwa mtoto mdogo, alikua akawa mwenye mashamba ya mpunga kwenye Altamaha, na mashamba yale yalilimwa na watumwa. Mwaka 1775, vuguvugu la kudai uhuru kutoka kwa Uingereza lilipopamba moto, wazee wa Darien wakapitisha tena azimio la kuulaani utumwa na kuahidi kufanya bidii ya kuwaachia watumwa, na Lachlan alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Vita vikapiganwa, uhuru ukapatikana, Lachlan akawa jenerali mashuhuri. Watumwa hawakuachiwa. Desemba 1793 kaunti ikamegwa kutoka kaunti ya Liberty na kupewa jina la ukoo wa McIntosh.

Tuwatazame sasa waliolima. Mpunga wa Altamaha haukuwa wa kumwaga mbegu na kungoja mvua. Ulitegemea kujaa na kupwa kwa maji. Bahari inapojaa, huyasukuma maji ya mto yarudi juu. Maji baridi ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi. Kwa hiyo mkulima alipaswa kulifungua lango la mbao kwa wakati wake hasa, aingize maji baridi majarubani, kisha alifunge kabla chumvi haijafika. Bahari ikipwa, anafungua tena ili kukausha. Akikosea saa, chumvi inaua zao la mwaka mzima. Kabla ya yote hayo ilibidi kuing'oa misitu ya misipresi iliyosimama majini, kuchimba mitaro kwa majembe na kunyanyua kingo za udongo maili kwa maili, huku miguu imezama tope, katikati ya nyoka na malaria. Na baada ya mavuno, mpunga ulitwangwa kwa mchi na kinu na kupepetwa kwa ungo. Nani alikuwa na ujuzi huo? Waskoti wa milimani hawakuwa nao. Wengi waliokuwa nao walitoka Senegambia, Guinea na Sierra Leone, nchi zilizolima mpunga kwa karne nyingi, na wafanyabiashara wa watumwa wa pwani hii walijua hivyo, ndiyo maana waliwatafuta watu wa huko kwa bei kubwa.

Mkabala na Darien, katika kisiwa cha Butler, mpaka leo limesimama dohani refu la matofali la kinu cha mpunga, kando ya barabara kuu. Kisiwa kilikuwa mali ya ukoo wa Butler wa Philadelphia. Majira ya baridi ya mwaka 1838 kuingia 1839, mwigizaji wa Kiingereza Fanny Kemble, mke wa Pierce Butler, alikaa huko. Aliwaona wanawake waliorudishwa shambani majuma machache baada ya kujifungua, akayasikiliza maombi yao, akayaandika yote. Kitabu chake kilitoka mwaka 1863, yeye na mumewe wakiwa wamekwisha kutalikiana. Mume huyo alikuwa amezama katika madeni. Tarehe 2 na 3 Machi 1859, kwenye uwanja wa mbio za farasi nje ya Savannah, watu wake 429 waliuzwa kwa mnada, na jumla ya fedha ilikuwa dola 303,850. Mvua ilinyesha siku zote mbili. Wazao wa waliouzwa huuita mnada ule Wakati wa Kilio. Waliosambazwa siku zile walikuwa wazaliwa wa visiwa vile, watoto na wajukuu wa waliochimba mitaro.

Twende Sapelo. Mwaka 1802 Thomas Spalding alianza kununua ardhi huko, akalima pamba na miwa. Kinu chake cha sukari kilijengwa mwaka 1809 kwa chokaa ya makombe ya chaza iliyochanganywa na mchanga na maji, ikamiminwa katika ubao na kuachwa ikauke. Kuta zake zingali zipo. Msimamizi mkuu wa mamia ya watumwa kisiwani alikuwa mtumwa mwenzao, Bilali Muhammad, Mwislamu kutoka Futa Jallon, katika nchi ambayo leo ni Guinea, aliyepitishwa Bahamas kabla ya kuletwa Georgia.

Bilali alikuwa amesoma. Akiwa mzee aliandika kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu, kijitabu cha kurasa 13. Alimpa mwandishi mmoja wa Georgia, na leo kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Georgia. Kwa miaka mingi watu walikidhania kuwa shajara ya shambani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mtaalamu wa lugha Joseph Greenberg alikipeleka Kano, Nigeria, akawaonyesha wanazuoni. Wakatambua vifungu vya Risala ya Ibn Abi Zayd wa Qayrawan, kitabu cha fiqhi ya Kimaliki cha karne ya 10: udhu, adhana, nyakati za swala. Mzee aliyenyang'anywa kila kitu alikaa akakumbuka somo la utotoni, akaliandika asije akalipoteza.

Kumbukumbu za wazao wake zilichapishwa mwaka 1940. Kitukuu wake Katie Brown alieleza alivyosimuliwa: Bilali na mkewe Phoebe walipiga magoti juu ya mkeka mdogo, wakivuta tasbihi ndefu, jua likichomoza, likiwa utosini na likizama. Alieleza pia jinsi nyanyake, binti wa Bilali, alivyotengeneza mikate ya mchele siku maalumu kila mwaka. Aliosha mchele, akaulaza usiku kucha, akautwanga kinuni hadi ukawa uji mzito, akaongeza asali, akaufinyanga kwa viganja. Kisha aliwaita watoto wote na kumwekea kila mmoja mkate wake mkononi. Msikilizaji, uwe Lamu, Tanga au Muscat, sadaka hiyo unaijua. Ilivuka bahari ndani ya kumbukumbu ya mtu mmoja, ikapita kwa bintiye na wajukuu zake, hata walipokuwa wamekwisha kuwa Wakristo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika, Darien iliteketezwa kwa moto tarehe 11 Juni 1863. Walioamrishwa kuichoma walikuwa askari Weusi wa jeshi la Muungano, na mmoja wa makamanda wao, Robert Gould Shaw, alilipinga agizo hilo katika barua zake. Januari 1865 Jenerali Sherman alitoa amri namba 15: visiwa hivi na mashamba ya mpunga yaliyoachwa kandokando ya mito vigawiwe watu walioachiwa huru, kila familia isiyozidi ekari 40. Watu wakalima, wakajenga. Kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson aliwarudishia ardhi wenye mashamba wa zamani, na waliokwisha kupanda wakaambiwa waondoke au waajiriwe.

Hapo akaingia mtu mmoja shupavu, Tunis Campbell, mhubiri kutoka New Jersey. Alikodi shamba McIntosh, akawakusanya watu, akawa hakimu wa amani na seneta wa jimbo. Mwaka 1868 wabunge Weusi wa Georgia walifukuzwa bungeni kwa rangi yao tu, wakarudishwa 1870. Nyumbani, Campbell alihakikisha mikataba ya vibarua inaheshimiwa na kura zinapigwa. Kwa sababu hiyo wapinzani wake walimwandama kwa kesi baada ya kesi. Mwaka 1876, akiwa na zaidi ya miaka 60, alifungwa na kukodishwa kama kibarua wa kifungo kwa karibu mwaka mzima.

Lakini watu aliowaongoza walikuwa wamejifunza jambo: ardhi ya kupewa hunyang'anywa, basi inunuliwe. Mwaka 1871, Sapelo, William Hillery na wenzake, akiwemo Bilali Bell, walinunua takriban ekari 1,000 mahali paitwapo Raccoon Bluff. Fikirini, miaka sita baada ya utumwa, watu waliokuwa mali wakawa wenye mali, kwa fedha zao na hati mkononi. Nasema hawa ni walowezi wa kwanza kwa kila maana ya neno hilo.

Na waliilinda jamii yao. Agosti 1899, mzee Mweusi aitwaye Henry Delegale alishikiliwa jela Darien kwa tuhuma ya kumbaka mwanamke Mzungu. Shirifu alipotaka kumhamisha usiku, watu waliogopa atanyongwa njiani na genge. Kengele ya kanisa ikapigwa, mamia wakaizunguka jela. Kila ilipojaribiwa kumtoa, kengele ilipigwa tena. Baadaye mahakama ilimwachia Delegale, japokuwa baadhi ya wanawe walihukumiwa kwa kifo cha naibu shirifu kilichotokea wakati wa mvutano huo. Mzee hakunyongwa, katika miaka ambayo wengi kama yeye walinyongwa bila hata kufikishwa mahakamani.

Karne ya 20 ilileta wanunuzi matajiri. Sapelo ilinunuliwa karibu yote na Howard Coffin, mwenye viwanda vya magari, mwaka 1912, kisha na R. J. Reynolds Jr., mrithi wa utajiri wa tumbaku, mwaka 1934. Reynolds aliwasukuma wakazi wa vijiji mbalimbali, pamoja na Raccoon Bluff, wakusanyike Hog Hammock, kijiji kimoja tu cha kisiwa hicho. Huko Harris Neck, bara, mwaka 1942 serikali ya shirikisho ilichukua ekari 2,687 kujenga uwanja wa ndege za vita. Familia zipatazo 75 zilipewa wiki chache tu kuondoka, nyumba zao zikabomolewa na kuchomwa. Vita viliisha, ardhi haikurudi. Tangu 1962 ni hifadhi ya ndege wa porini.

Katika Harris Neck hiyohiyo aliishi Amelia Dawley. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mwanaisimu Lorenzo Dow Turner alimrekodi akiimba wimbo mfupi aliofundishwa na wazee wake, ambao maana yake hakuijua. Watafiti waligundua ni Kimende cha Sierra Leone. Wakazunguka huko na kanda hadi kijiji cha Senehun Ngola, wakamkuta Bendu Jabati, aliyeujua wimbo uleule kutoka kwa bibi yake: wimbo wa maziko. Mwaka 1997 Mary Moran, binti wa Amelia, alisafiri hadi kijijini, na wanawake hao wawili wakaimba pamoja. Kama kuna hati ya kuthibitisha nani alifika Harris Neck na akitokea wapi, hiyo ni mojawapo, na haikuhitaji karatasi.

Wasikilizaji, haya si mambo yaliyokwisha. Septemba 2023 baraza la kaunti ya McIntosh liliruhusu kujengwa Hog Hammock nyumba kubwa maradufu ya zile zilizoruhusiwa awali. Wakazi, ambao wamebaki makumi machache, walipinga. Nyumba kubwa huvuta matajiri, matajiri hupandisha thamani ya ardhi, thamani hupandisha kodi, na kodi humtoa mzee katika kiwanja alichoachiwa na waliokinunua kwa jasho. Wakakusanya saini kudai kura ya wananchi, na shauri likaenda mahakamani.

Ndiyo maana nimewaletea habari za McIntosh. Historia ya walowezi wa kwanza husomwa kana kwamba ni hadithi ya kupamba sherehe, kumbe ndani yake mna madai. Mahali pakiwa na waanzilishi, waanzilishi hao wana haki ya kuheshimiwa na kushauriwa, na watoto wao wana haki ya kukaa. Ukiwaacha wachimba mitaro nje ya orodha leo, kesho utaona ni jambo la kawaida kuwaacha wajukuu wao nje ya kijiji. Kaunti ya McIntosh iwataje Waguale, iwataje Waskoti 18 na barua yao ya ujasiri, na imtaje Bilali na Phoebe, Hillery na Campbell, na wale 429 kwa majina kila yanapojulikana. Kisha iwaachie wazao wa Sapelo ardhi yao. Kuwataja bila kuwaachia ardhi hakutoshi.